Usiniambie Meli, Nisomee Hati

Kwa siku 17 nilifuatilia meli ambayo gari langu halikuwemo. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri kuwasha oveni, na kabla sijagusa kiberiti nafungua simu kuitazama iko wapi. Niliijua kasi yake, urefu wake, bendera yake na bandari iliyokuwa inaelekea. Mwanangu wa darasa la tatu alijua kutamka Yokohama na Nagoya kwa sababu ya meli ile. Halafu jioni moja baba yangu, ambaye simu yake ni ya vitufe, aliniuliza swali moja kutoka Tanga, nikajikuta sina jibu.

Nianze na gari lenyewe. Natengeneza keki za harusi hapa Tabata, na kwa miaka sita nilikuwa nazipeleka kwa bajaji. Anayeishi Dar anajua maana yake. Keki ya ngazi tatu iko mapajani, mkono mmoja umekumbatia boksi, mwingine umeshika bomba la bajaji, na dereva umeshamwomba mara nne apunguze kwenye matuta. Mwezi wa pili mwaka ule tulipita tuta la Mbezi vibaya, ngazi ya juu ikateleza ikaangukia ngazi ya kati, saa mbili kabla bibi harusi hajaingia ukumbini. Nilikaa kwenye ngazi za ukumbi nikiziba nyufa kwa krimu na kisu cha mezani. Usiku ule nilimwambia mume wangu kwamba ile pesa ya kiwanja iende kwenye gari.

Tulichagua Toyota Succeed nyeupe ya mwaka 2012, injini ya cc 1,496. Nyuma yake ni pana na sakafu imelala bapa, na hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta: keki ikae palipo sawa. Muuzaji alitutumia picha 18 na karatasi ya mnada. Karatasi hiyo kila anayeagiza gari Japani angejifunza kuisoma, maana inasema mambo ambayo picha haisemi. Ina mchoro wa gari lililotandazwa kama ngozi ya ng'ombe, na juu yake mkaguzi ameandika herufi ndogo: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipowahi kutengenezwa, XX ni kipande kilichobadilishwa, na namba inayofuata herufi inaonyesha ukubwa wa tatizo. Letu lilikuwa na U1 kwenye mlango wa nyuma kushoto na A2 kwenye bampa. Daraja lake lilikuwa 3.5. Niliikuza ile U1 kwenye simu mpaka ikawa ukungu mtupu.

Watu huuliza kwa nini Wajapani wanauza magari yanayotembea vizuri. Sababu kubwa mojawapo ni ukaguzi wao wa lazima, wanaouita shaken. Gari jipya hukaguliwa likitimiza miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili, na gharama yake inauma, hasa gari likianza kuzeeka na kudai vipuri. Wengi huona heri kuliuza. Na kwa kuwa wao wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani unakuja tayari ulipo. Kenya hawapokei gari lililozidi miaka minane. Sisi tunapokea, ila tunalipia uzee wake.

Nilituma pesa kwa TT, yaani hawala ya benki, siku ya Alhamisi, mwezi wa tano. Kuanzia saa ile nilikuwa mtu aliyelipa dola 3,200 kwa kitu alichokiona kwenye picha. Siku sita baadaye nikapokea ujumbe: gari litasafiri na meli fulani, inaondoka Yokohama tarehe 25. Jina la meli likaandikwa kwa herufi kubwa. Nililiingiza kwenye MarineTraffic, tovuti ya kufuatilia meli, na pale, pembeni kabisa ya Japani, kukawa na mshale mdogo wa kijani.

Sijui niueleze vipi ule mshale kwa mtu ambaye hajawahi kuagiza kitu kikubwa kwa akiba ya miaka mingi. Uliniondolea uzito kifuani. Tumesikia habari nyingi za watu waliotuma pesa kwa kampuni hewa, wakaambulia picha. Mimi nilikuwa na meli, na meli ilikuwa inatembea.

Kinachoonyesha mshale ule ni mfumo uitwao AIS. Kila meli kubwa ina kifaa kinachotangaza kwa redio jina lake, namba yake, mahali ilipo, kasi na uelekeo. Kanuni za kimataifa za usalama baharini zilizilazimisha meli za tani 300 na kuendelea zinazofanya safari za kimataifa ziwe zimekifunga ufikapo mwisho wa mwaka 2004, ili zisigongane usiku na kwenye ukungu. Antena za nchi kavu huzidaka taarifa hizo, na tovuti huzikusanya na kuzichora kwenye ramani. Ila redio ile haifiki mbali. Antena ya pwani hudaka meli iliyo umbali wa maili 40 hivi za baharini. Ikizidi hapo unahitaji setilaiti, na taarifa za setilaiti zinalipiwa.

Nilijifunza mambo mengine kwa kukaa na ramani ile kila siku. Bandari ambako meli inakwenda huandikwa kwa mkono na afisa aliye melini, kwa hiyo unaweza kukuta meli imeshaiacha Nagoya jana na bado imeandikwa JP NGO, kwa sababu mtu hajapata nafasi ya kubadilisha. Jina la meli hubadilika ikiuzwa, lakini namba yake ya IMO, tarakimu saba, inabaki ileile tangu inaundwa mpaka inakatwa vyuma. Na meli za magari zina majina ya ukoo: za kampuni ya MOL nyingi huishia na Ace, za NYK huishia na Leader, za “K” Line huishia na Highway. Baada ya wiki moja nilikuwa naiangalia Bahari ya Hindi na kusema huyu wa ukoo fulani, yule wa ukoo fulani.

Baba alikuwa ananipigia kila siku baada ya magharibi.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Meli yenu imefika wapi?”

Ninamweleza. Leo ipo Nagoya. Leo ipo kusini ya Taiwan. Leo inaingia Singapore. Nilikuwa nasikia upande wa pili anafunua karatasi, maana baba ana atlasi ya shule ya dada yangu mkubwa, jalada limetoka, na alikuwa anaifuata meli kwa kidole.

Baba alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandari ya Tanga, miaka ambayo katani ilikuwa katani. Tanga ya wakati ule meli kubwa hazikuweza kufunga gatini kwa sababu ya kina. Zilitia nanga nje, na marobota ya katani yakapelekwa kwa matishari, kisha yakanyanyuliwa na winchi za meli. Siku hizi gati limechimbwa, kina kimetoka mita 3 hadi mita 13, na meli zinakuja mpaka ukutani. Lakini baba kazi yake ilikuwa kusimama juu ya tishari na ubao wa kuandikia, anavuta mistari minne na wa tano anaukata, robota kwa robota, jua linamchoma mpaka leo ngozi ya shingo yake ina rangi tofauti na ya kifua. Nilimwambia siku moja kwamba uwezo wa meli za magari bado unapimwa kwa Toyota Corona ya mwaka 1966, ile ya mfano wa RT43, kwamba wakisema meli inabeba magari 6,000 wanamaanisha Corona 6,000 za aina hiyo. Alifurahi sana. “Corona! Meneja wetu alikuwa nayo, rangi ya maziwa.”

Jioni ya siku ya 17 akaniuliza: “Hati imetoka?”

“Bado baba, ila meli naiona. Imeshapita Singapore, iko mlango wa Malaka.”

“Usiniambie meli, mwanangu. Meli ina wenyewe. Nisomee hati.”

Nikamwambia muuzaji alisema hati itakuja. Akakaa kimya kidogo, kisha akanieleza jambo ambalo hajawahi kuniambia. Kuna siku bahari ilichafuka, tishari likashindwa kuikaribia meli, na meli ikang'oa nanga bila marobota yaliyobaki. Walioko Ulaya waliarifiwa kwamba meli imeondoka Tanga. “Na kweli iliondoka,” baba akasema. “Sasa wewe umeambiwa nini? Umeambiwa meli imeondoka.”

Sikulala vizuri. Nilimwandikia muuzaji usiku uleule nikidai nakala ya hati ya shehena, ile tunayoiita B/L. Siku mbili zikapita. Siku ya tatu hati ikaja, na kwenye kisanduku cha jina la meli kulikuwa na jina nisilolijua. Chini ya barua pepe kulikuwa na sentensi moja ya maelezo: meli ya kwanza ilijaa, gari limepakiwa meli iliyofuata. Tarehe ya kupakiwa, 9 Juni.

Nilikaa kwenye kigoda jikoni na simu mkononi. Muda wote ule nilipokuwa naihesabia meli maili, gari langu lilikuwa limeegeshwa yadi ya Yokohama linanyeshewa mvua ya mwezi wa sita. Mume wangu alisema tumshukuru Mungu, limepakiwa. Ni kweli, na jambo hili hutokea sana: meli za magari zinajaa, na mzigo unasogezwa safari inayofuata. Lakini mtu aliyelipa kila senti anastahili kuambiwa siku hiyohiyo. Ujumbe wa mstari mmoja ungetosha. Hilo bado linaniuma, na nimelisema kwa muuzaji mwenyewe.

Nikampigia baba. Hakusema nilikwambia. Alisema, “Haya, lete kalamu. Mimi ninayo. Soma.”

Nikamsomea hati nzima kwa simu, na huo ndio usiku nilioelewa kazi aliyotulishia sisi watano. Mpelekaji nani. Mpokeaji nani, jina limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho? Wa kuarifiwa nani? Bandari ya kupakia, bandari ya kushushia. Uzito. Ujazo, karibu mita 11 za ujazo, kwa sababu nauli ya gari melini hupigwa kwa ujazo. Halafu akauliza kitu ambacho nisingekiona hata ningeitazama hati mwezi mzima: “Imeandikwa mzigo umepokelewa, au mzigo umepandishwa melini?” Nikatafuta. Umepandishwa, na tarehe iko. “Hiyo ndiyo hati,” akasema. “Ile nyingine inasema wameupokea tu, unaweza kukaa gatini hata wiki tatu.”

Mwisho namba ya chesisi. NCP58, kistari, kisha tarakimu saba. Akanirudishia moja moja. Akaniambia nisome tena polepole, safari hii kutoka kwenye ankara, si kwenye B/L. Kisha mara ya tatu kutoka cheti cha kufutiwa usajili Japani. Tarakimu moja ikipishana, alisema, huko forodhani litakuwa gari lingine. Zilikuwa sawa zote. Nilimsikia akipiga mstari kwenye daftari lake.

Kuanzia hapo nikaifuata meli ya pili, kwa moyo tofauti. Ilipita Nagoya, ikapita Kobe, ikashuka. Kutoka Yokohama hadi Singapore ni karibu maili 3,000 za baharini, na kutoka Singapore mpaka kwetu ni 4,000 na ushee. Meli inatembea noti 15 hivi, yaani kama kilomita 28 kwa saa. Huo ni mwendo wa bajaji barabara ya Mandela saa kumi na moja jioni, isipokuwa yenyewe haisimami usiku wala mchana. Siku moja katika wiki hizo meli ya kwanza iliingia Dar. Niliiona ikipinda kuingia mlangoni pa bandari, imebeba magari ya watu wengine, na nilijikuta nawaombea watu hao ambao siwajui.

Meli yangu ilipoiacha Aceh, ncha ya kaskazini ya Sumatra, mshale ulisimama. Ukabadilika rangi, ukaandikwa kwamba mahali hapa ni pa saa 9 zilizopita, kisha pa siku mbili, kisha siku nne. Hakuna antena katikati ya Bahari ya Hindi. Meli inatembea vilevile, ila wewe wa ramani ya bure huioni. Ulikuwa mwezi wa kusi, na kusi la Juni na Julai baba analijua. “Itapunguza mwendo,” alisema, “lakini ni chombo kikubwa, usihofu.”

Nilihofu. Nilisoma usiku habari za meli za magari zilizopatwa na mikasa, jambo ambalo simshauri yeyote alifanye gari lake likiwa baharini. Cougar Ace, mwaka 2006, ikitoka Japani kwenda Amerika Kaskazini, ililala ubavu karibu na visiwa vya Aleutia ikiwa na Mazda 4,703. Mengi ya magari hayo hayakuanguka, yalibaki yananing'inia kwenye mikanda yake, lakini baadaye yote yalisagwa kwa kuwa kampuni haikutaka kuyauza. Felicity Ace ilishika moto karibu na Azores Februari 2022 ikiwa na magari karibu 4,000, ikazama baada ya wiki mbili hivi. Mabaharia wake 22 waliokolewa wote. Nikaanza kuwafikiria hao wa kwangu, watu ishirini na kitu ndani ya chombo chenye urefu wa mita 200, mbali na kwao, wanashuka kila zamu kukagua mikanda. Kwa maana hivyo ndivyo magari yanavyosafiri: yanaendeshwa moja moja kuingia melini, yanapangwa sitaha juu ya sitaha, 12 au zaidi, kioo cha pembeni kikiwa sentimita 10 kutoka gari jirani, bampa kwa bampa sentimita 30, na kila gari linafungwa kwa mikanda kwenye matundu ya sakafu. Ufunguo unabaki ndani. Mafuta yanaachwa kidogo tu. Wakati nachanganya unga nilikuwa naliwaza pale gizani, limebanwa na wenzake, linayumba nao pamoja.

Tarehe 5 Julai mshale ukafufuka, mashariki ya Mombasa. Siku ya Sabasaba mama mdogo, ambaye anaishi Likoni, alinipigia akiwa juu ya feri. Nilikuwa nimemtumia jina la meli. Kelele za watu na injini zilikuwa nyingi, alikuwa anapiga ukelele: “Mwanangu, naiona! Inaingia Kilindini! Mbona ni nyumba, haina hata dirisha!” Hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu wa damu yangu kuiona meli ile kwa macho yake. Nililia kidogo, sikuona haya.

Tarehe 9 ikafika nje ya Dar, ikatia nanga. Siku tatu ikasubiri zamu. Nilikuwa najua inaonekana kutoka Coco Beach, na tulikwenda Jumapili ile jioni, mimi na mwanangu. Kulikuwa na meli tano sita zimesimama kwenye upeo wa macho, na mtoto akasema zote ni zetu.

Siku ya kuingia nilikuwa Kivukoni saa moja asubuhi. Ukisimama pale Feri, karibu na soko la samaki, mlango wa bandari ni mwembamba kiasi kwamba meli kubwa inapita mbele yako kama ukuta unaosogea. Pantoni la Kigamboni lilikuwa limezuiwa upande wa pili kuipisha. Pembeni yangu alisimama kijana wa makamo mwenye kofia ya sufi, naye ana simu mkononi, naye anaangalia ramani ileile.

“Dada, una gari humo?”

“Moja. Wewe?”

“Mimi sina, ila kumi na moja ya bosi yapo. Nitapeleka la kwanza Tunduma.”

Alikuwa dereva wa IT. Wasiojua: magari mengi yanayoshuka Dar si ya kwetu, ni ya Zambia, Kongo, Malawi, Rwanda, Burundi. Yanapewa namba za muda zenye herufi IT, na madereva hao huyavusha nchi nzima hadi mpakani. Mwaka 2021 meli iitwayo Tranquil Ace ilishusha hapa magari 3,743 kwa safari moja, na sehemu kubwa ya mizigo ya namna hiyo inapita tu. Yule kaka alinieleza kwamba la kwanza litaendelea mpaka Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, na mwenye gari anaishi Lubumbashi, mwalimu, kalipia kwa awamu. Mwalimu huyo amekuwa anampigia yeye dereva kila siku kuuliza meli iko wapi. “Nimemwambia leo asubuhi naiona kwa macho,” akasema, “akanyamaza, nikadhani simu imekatika.”

Kisha ikaja. Kwanza boti ya rubani, kisha boti mbili za kuvuta meli, kisha yenyewe ikaziba anga. Ubavu wake ulikuwa na michirizi ya kutu kuanzia kwenye matundu ya nanga hadi majini. Juu kabisa, kwenye reli, mtu mmoja aliyevaa ovaroli ya machungwa alikuwa ameegemea mikono akitutazama. Nilimpungia. Alichelewa kidogo, kisha akanyanyua mkono. Watu waliokuwa wakisubiri pantoni waliendelea kula mihogo yao ya kukaanga, na meli ikapinda kuelekea gati la magari la Gerezani.

Ya forodhani sitayarefusha. Kikokotoo cha TRA kipo mtandaoni, ukiingiza aina na mwaka wa gari unakipata kiasi kabla hata hujaagiza, na kila anayetaka gari akianzie hapo badala ya kwenye picha. Kwa letu ilikuwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa ukubwa wa injini, asilimia 30 ya uchakavu kwa kuwa lilizidi miaka 10, na VAT asilimia 18 juu ya hivyo, pamoja na tozo nyingine ndogo. Wakala wetu alikuwa mama mmoja mkimya, mwepesi wa kazi. Siku ya tisa akanipigia nikalichukue.

Lilikuwa na vumbi la rangi ya kijivu na mstari wa chaki ya njano kwenye kioo. U1 ilikuwa palepale, kwenye mlango wa nyuma kushoto, kibonyeo cha ukubwa wa kifungo. Niligusa kwa kidole gumba. Nilipowasha injini, sauti ya mwanamke ikasema sentensi nzima ya Kijapani, kwa heshima sana. Kumbe ni kifaa cha kulipia barabara za huko, kinalalamika kwamba kadi haimo. Fundi alitaka kukitoa. Nilimwambia akiache.

Keki tatu za kwanza zilikwenda na gari Jumamosi ile, zikafika kama zilivyotoka jikoni. Jumapili alfajiri tukaondoka kwenda Tanga, kwa njia ya Bagamoyo na Msata, tukatokea Segera saa nne asubuhi. Baba alikuwa amekaa nje pale nyumbani, Ngamiani barabara ya kumi na tatu, amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi. Hakuzunguka gari. Hakugusa kiti wala kuuliza linakula mafuta kiasi gani. Aliniambia nifungue boneti.

Akatoa tochi mfukoni ingawa jua lilikuwa limeshapanda, na kutoka kwapani akatoa daftari. Namba ya chesisi imechongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Aliinama, mkono mmoja kwenye bampa, akaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, na kila moja aliitia alama ya penseli kwenye ukurasa alioandika usiku ule wa simu. Majirani wawili walikuja, wakasimama kimya. Alipomaliza ya saba akavuta mstari chini yake, akaangalia saa ya mkononi, akaandika tarehe na muda. Kisha akaligeuza daftari upande wangu, akaliweka juu ya bampa, akanipa penseli.

“Mpokeaji atie sahihi.”

Nikatia.